Mgonjwa wa ICU kafaulu jaribio la kupumua mwenyewe: mrija utolewe leo au bado?

ZamuYaUsiku_KGM (Kigoma)

Wakuu, habari za kazi. Shikamooni mliotangulia.

Naomba tujadili kutoa mrija wa kupumulia kwa mtu mzima aliye mahututi. Simzungumzii yule wa chumba cha upasuaji aliyelala saa mbili akaamka. Tuchukulie mgonjwa wa namna hii: mwanaume, miaka 34, kilo 60, amekunywa kiuatilifu cha shambani cha jamii ya oganofosfeti, leo siku ya 7 yuko kwenye ventileta. Mrija namba 8, umefungwa sentimita 23 kwenye meno. FiO2 (sehemu ya oksijeni kwenye hewa anayovuta) 0.4, PEEP (presha inayobaki mapafuni mwisho wa pumzi) 5, SpO2 (oksijeni ya damu kwa kipimo cha kidoleni) 94. Amewekwa kwenye presha sapoti (msaada mdogo wa mashine kila anapovuta pumzi) 7 kwa dakika 30: anapumua mara 24 kwa dakika, anavuta kama mililita 400, mapigo 98, hatoki jasho. Akiitwa anafumbua macho, akiambiwa abane mkono anabana. Atropini (dawa ya kupinga sumu hiyo, hukausha makohozi) bado inaingia kidogo kwa dripu. Makohozi ni machache.

Nusu ya wodi inasema kafaulu, toa. Nusu inasema ngoja. Mazingira ni ya huku kwetu: hakuna mashine ya kupima gesi za damu, hakuna ile ya kusukuma oksijeni ya kasi kubwa puani, oksijeni ni ya mitungi na konsentreta (mashine ya umeme inayochuja oksijeni hewani), na mvua ikianza umeme una mambo yake. Steroidi zilizopo ni deksamethasoni na haidrokotisoni. Nini kiangaliwe kabla, mrija wenyewe unatolewaje, na baada ya hapo nini huharibika?

Usingizi_Ipuli (Tabora)

Mkuu, umeuliza maswali mawili kwa pumzi moja, na ubishi wa wodini unaanzia hapo hapo. Zile dakika 30 zimejibu la kwanza: mapafu na misuli yake vinaweza kufanya kazi bila mashine. La pili ni kama koo lake linaweza kukaa bila mrija, yaani njia ibaki wazi, makohozi yatoke, mate yasishuke mapafuni. Mtu hufaulu la kwanza kwa alama zote, saa moja baadaye kaanguka la pili. Kwa huyu wako, la kwanza nakubali. La pili sijaridhika.

Mapafu tuyapitie haraka. Huna gesi za damu, basi gawanya SpO2 kwa FiO2. 94 kwa 0.4 ni 235, inayolingana takriban na uwiano wa 200 wa PaO2 (oksijeni inayopimwa kwa gesi za damu) kwa FiO2. Inatosha. Ila hesabu hii ina maana SpO2 ikiwa 97 kushuka chini. Kama kioo kinasoma 100, punguza FiO2 kwanza ndipo uhesabu. Kisha kasi ya kupumua igawe kwa ujazo wa pumzi kwa lita: 24 kwa 0.4 ni 60, na chini ya 105 ni dalili njema. Usiiamini kupita kiasi, kwa sababu namba ya 105 ilitokana na wagonjwa waliopimwa bila msaada wowote wa mashine. Ukiipima juu ya presha sapoti 7, mgonjwa anaonekana ana nguvu kuliko alivyo.

Ndiyo maana mwenye moyo dhaifu, awe mama mwenye moyo uliotanuka baada ya kujifungua au kijana mwenye valvu zilizoharibiwa na baridi yabisi ya moyo, ni vizuri umjaribu kwa kiungo cha T (mrija unapewa oksijeni tu, bila mashine), bila PEEP. Presha ya mashine inaubeba moyo. Ukiiondoa, damu nyingi zaidi inarudi kifuani kwa ghafla na moyo unasukuma dhidi ya mzigo mkubwa zaidi. Mapafu yanajaa maji ndani ya nusu saa. Bora yajae mrija ukiwa bado upo. Kiungo cha T kiwe na kipande cha mpira cha kama sentimita 30 upande wa kutolea hewa, la sivyo kila pumzi inachota hewa ya chumbani. Akionekana amejaa maji, frusemaidi (dawa ya kukojoza) na mizania hasi ya maji, yaani yatoke mengi kuliko yanayoingia, vitangulie, mrija ufuate.

Sasa koo. Siku 7, mrija namba 8. Anayekaa na mrija zaidi ya siku 6, mwanamke, aliyewekewa mrija mkubwa kuliko umbo lake, aliyewekewa kwa shida au aliyeuchomoa mwenyewe ukarudishwa, hao zoloto zao (sanduku la sauti kooni) huvimba. Wapime uvujaji wa kafu, yaani kile kiputo cha hewa kinachoziba pembeni mwa mrija. Fyonza mdomo na nyuma ya koo kwanza, maana juu ya kafu kuna bwawa la mate na ukilegeza tu linashuka lote. Weka mashine kwenye ujazo maalumu, tuseme mililita 450. Legeza kafu, acha mgonjwa atulie kikohozi kiishe, kisha soma ujazo unaorudi kwa pumzi 6 mfululizo na uchukue wastani wa zile 3 za chini. Mfano: 365, 370 na 380, wastani 372. Toa kwenye 450, unabaki na 78. Chini ya 110 ni tahadhari ya uvimbe.

Tahadhari, si marufuku. Makohozi yaliyoganda pembeni mwa mrija, au mrija mnene kwenye bomba jembamba la hewa, hutoa jibu hilo hilo bila uvimbe wowote. Ukimwacha kila asiyevuja akae na mrija hadi avuje, unamwongezea siku za nimonia. Mpe steroidi, subiri angalau saa 4, kisha endelea kama mengine yote yako sawa. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa 2007 ulitumia methiliprednisoloni miligramu 20 kila saa 4, kuanzia saa 12 kabla. Huna hiyo, lakini miligramu 20 zake ni sawa na haidrokotisoni 100, au deksamethasoni karibu 4, yaani ampuli moja. Deksamethasoni inakaa muda mrefu mwilini, kwa hiyo ampuli moja kila saa 6 kwa saa 24 inatosha. Pima sukari, usije ukashangaa inapanda.

Jambo la mwisho kabla plasta haijaguswa: anayejua kurudisha mrija awe chumbani. Siyo "yupo hospitali". Na vitu viwe juu ya meza vimefunguliwa: laringoskopu (kifaa chenye taa cha kuangalia koo) iliyowashwa ikaonekana inawaka, mrija wa namba moja au nusu chini ya ule uliopo (kwa huyu 7.5 na 7, na 6 kwa ajili ya koo lililovimba), buji (kijiti cha kuongoza mrija), ambu (mfuko wa kupumulisha kwa mkono) yenye barakoa inayomkaa usoni, dawa zimevutwa kwenye bomba na kuandikwa jina. Angalia faili uone alivyowekewa mara ya kwanza. Kama iliandikwa "ilikuwa shida", mpango wako unabadilika, mpasuaji awe karibu na shingo yake iwe imepapaswa mahali pa kukata pakajulikana. Fanya saa 3 au saa 4 asubuhi, watu wakiwa wengi. Hakuna tuzo ya kutoa mrija usiku wa manane.

DaktariWaNdani (Kigoma)

Namuunga mkono Usingizi, ila kwa sumu hii kuna mambo ambayo jaribio la dakika 30 haliyaoni kabisa.

Atropini inaingia, halafu tunasema makohozi ni machache. Hayo ni machache kwa sababu ya atropini. Ukiifunga kesho, yanarudi, na mrija haupo. Punguza dripu hadi uifunge, kisha mwangalie saa 24 bila dripu: kifua kikavu, mboni hazijasinyaa, mapigo juu ya 80, hakuna jasho wala kuhara. Sumu nyingine za jamii hii hujificha kwenye mafuta ya mwili na kurudi kwenye damu siku kadhaa baadaye, hasa kwa mnene. Upande wa pili, atropini ikizidi makohozi hugeuka gundi na kuziba mrija kwa ndani. Kama presha ya kusukuma pumzi inapanda bila sababu, ingiza katheta ya kufyonza uone kama inapita.

La pili ni udhaifu wa misuli unaokuja kati ya saa 24 na 96 baada ya sumu, wakati dalili za mwanzo zimeshatulia na kila mtu anapumua kwa raha. Huanza shingoni, kwenye mabega na nyonga, kwenye macho na koo, kisha kiwambo (msuli mkuu wa kupumua). Unaweza kudumu wiki mbili au zaidi. Kubana mkono hakukuambii kitu, kwa sababu viganja hubaki na nguvu wakati shingo imeshalegea. Mwambie anyanyue kichwa kutoka kwenye mto akishikilie sekunde 5. Asipoweza, mrija haujafika wakati wake hata akipumua vizuri kiasi gani. Kipimo hicho hicho tumia kwa aliyeumwa na nyoka wa sumu ya neva na kwa aliyepewa dawa za kulegeza misuli.

La tatu, kwenye ile meza ya Usingizi: suksamethoniamu (dawa ya kulegeza misuli wakati wa kuweka mrija) isiwepo kwa mgonjwa huyu. Kimeng'enya kinachoivunja ndicho kilichozimwa na sumu, kwa hiyo dozi ya dakika chache inaweza kumlegeza kwa saa kadhaa. Na hata bila sumu, mtu aliyelala ICU bila kujongea wiki nzima, mwenye pepopunda, aliyeungua au aliyepooza, dawa hiyo inaweza kuimwaga potasiamu kwenye damu moyo ukasimama. Badala yake, rokuroniamu miligramu 1.2 kwa kilo kama ipo. Kwa kilo 60 ni 72. Kama haipo, vekuroniamu inafanya kazi, ila inachelewa, kwa hiyo uwe na uhakika unaweza kumpumulisha kwa barakoa ukisubiri. Ketamini ya kumlaza ipunguze ikiwa presha ya damu ni dhaifu.

Sista_Bangwe (Kigoma)

Madaktari wameongea ya kichwani, mimi niongee ya mikononi, maana mengi huharibika hapo.

Chakula cha mpira wa puani kisimame saa 4 hadi 6 kabla. Vuta tumbo kwa bomba la sindano uone kilichobaki. Mpira wa puani usiutoe, utauhitaji jioni. Dawa za usingizi zifungwe mapema, na uangalie kama kuna mofini au diazepamu ya masaa iliyosahaulika kwenye karatasi ya dawa. Diazepamu ya jana usiku bado ipo mwilini leo.

Mkalishe. Kitanda kipande nyuzi 45 hadi 60, kichwa kisininginie upande. Mweleze kwa Kiswahili chepesi, au Kiha kama ndicho anachoelewa: "Nitatoa huu mpira. Nikisema kohoa, kohoa kwa nguvu zako zote, usiung'ate kwa meno." Anayejua kinachokuja hapigani. FiO2 weka 1.0 kwa dakika 3 hadi 5.

Kufyonza: ndani ya mrija kwanza kwa katheta safi, kisha mdomo kwa nyingine. Usianzie mdomoni ukaingia na hiyo hiyo ndani. Kwa mrija namba 8 tumia katheta namba 12: unatoa 2 kwenye namba ya mrija, unazidisha kwa 2. Nguvu ya kufyonza isizidi milimita 150 za zebaki, na kila safari isizidi sekunde 15. Kabla ya yote ziba kwa kidole uhakikishe mashine inavuta. Mashine ya kufyonza ya umeme pekee, pasipo ya mguu pembeni, siyo mashine mvua ikinyesha.

Fungua plasta au kamba mtu mmoja akiwa ameshika mrija kwenye midomo, kidole kikiegemea shavuni. Mgonjwa huchomoka mwenyewe kwa kikohozi kimoja hapo, kafu ikiwa imejaa, akajeruhi nyuzi za sauti. Bomba la mililita 10 lichomeke kwenye valvu, vuta hadi kile kipulizo kidogo cha nje kilale bapa, chomoa, vuta tena mara ya pili. Wengi huvuta mara moja, na mililita 2 au 3 zinabaki ndani. Ukivuta bomba likarudi lenyewe, angalia kama kamba ya kafu imebanwa na plasta au na jino. Usikimbilie kuikata kwa mkasi. Ikikatwa huwezi kuijaza tena ukighairi, na kama imebanwa karibu na mdomo, kuikata nje hakutoi hewa.

Sasa tendo lenyewe. Zamani tulifundishwa kuingiza katheta na kuvuta mrija huku tunafyonza. Siipendi njia hiyo: unafyonza makohozi na oksijeni ya akiba kwa wakati mmoja, mapafu yanasinyaa wakati yanahitajika zaidi. Fanya hivi: msaidizi abane ambu taratibu pumzi inapoingia, mapafu yajae. Kwenye kilele cha pumzi, kafu inalegezwa na mrija unatoka kwa mwendo mmoja, ukifuata mkunjo wake kuelekea kifuani, usiuinue juu. Pumzi ya kwanza bila mrija inakuwa ya kutoka, na inasukuma vilivyokuwa juu ya kafu kuja mdomoni. "Kohoa!" Fyonza mdomo. Barakoa ya oksijeni usoni papo hapo, isiwe inatafutwa.

Akiuma mrija katikati ya kazi: usivutane naye. Anayevuta pumzi kwa nguvu dhidi ya mrija uliobanwa hujaza mapafu maji. Legeza kafu tu, hewa itapita pembeni, mtulize, kisha endelea. Kizuizi cha meno cha bandeji iliyosokotwa, kikiwekwa pembeni mwa mdomo kabla ya kuanza, kinaokoa shida hii.

Kisha mwambie aseme jina lake. Sauti iliyokwaruza ni kawaida. Sauti yenye maji maji ndani yake siyo.

Viungo_Tabora

Nguvu ya kikohozi isikadiriwe kwa macho. Chukua kipande cha karatasi nyeupe, kishike sentimita 1 hadi 2 mbele ya mdomo wa mrija uliochomolewa kwenye mashine, mwambie akohoe mara 3 au 4. Karatasi ikilowa, kikohozi kipo. Isipolowa kabisa, hatari ya kurudishiwa mrija ni kubwa. Pamoja na hilo hesabu safari za kufyonza: anayehitaji kufyonzwa mara nyingi kuliko kila saa 2 atazama kwenye makohozi yake. Kikohozi dhaifu peke yake huenda kikavumilika, na makohozi mengi peke yake vilevile. Vikikutana kwa mtu mmoja, subiri.

Naongeza la wagonjwa wa bodaboda, ingawa hukuuliza. Aliyeumia kichwa anaweza kukaa wiki bila kutii amri, na kumsubiri atii ndipo umtoe mrija ni kumlimbikizia nimonia. Kwa huyo angalia mambo manne: umri chini ya miaka 40, macho yanafuata mtu anayepita, anajaribu kumeza mate, na alama za fahamu (kipimo cha 3 hadi 15) zimezidi 10. Wenye matatu kati ya hayo wengi wao hufaulu. Wa sumu ni kinyume chake: anatii kila kitu na bado shingo haina nguvu. Kwa hiyo msitumie kipimo kimoja kwa wote wawili.

Baada ya mrija kutoka, mkalishe ukingoni mwa kitanda siku hiyo hiyo kama presha inaruhusu, umkumbatie mto tumboni akikohoa. Kila saa pumzi kubwa 5, kisha "haa" ya nguvu mdomo ukiwa wazi, kisha kikohozi.

ZamuYaUsiku_KGM (Kigoma)

Asanteni sana, wakubwa zangu. Nimeelewa kosa letu: tulikuwa tunajibu swali la pili kwa matokeo ya la kwanza. Kwa huyo, basi, dripu ya atropini ifungwe, saa 24, kichwa sekunde 5, karatasi, uvujaji wa kafu.

Mawili yamebaki. Oksijeni yetu: nitajuaje mtungi utanifikisha? Na akianza kulia koo saa moja baada ya mrija kutoka, hapo unafanya nini na kwa muda gani kabla ya kusema mrija urudi?

Usingizi_Ipuli (Tabora)

Mtungi ni hesabu ya darasa la nne. Shingoni umegongwa muhuri wa ujazo wa maji, mara nyingi lita 40 au 50. Zidisha kwa bar zinazosomwa kwenye geji. Lita 40 kwa bar 150 ni lita 6,000 za oksijeni. Ukibaki na bar 50 ni lita 2,000; barakoa yenye mfuko kwa lita 15 kwa dakika itakula hizo kwa saa 2 na dakika 13 hivi. Usianze kutoa mrija ukiwa na mtungi mmoja wa bar 50. Konsentreta ya lita 10 ni msaada mzuri wa kuendelea naye akishatulia kwa lita 3 au 4 puani, lakini isiwe ndiyo tegemeo la saa ya kwanza, maana umeme ukienda inaenda nayo. Na siku mkipata mashine ya kasi kubwa puani, jueni hesabu yake: kasi ya lita 50 kwa FiO2 0.4 inatumia oksijeni safi kama lita 12 kwa dakika, mtungi kamili unakaa karibu saa 8. Kwa FiO2 1.0 mtungi huo huo unakaa saa 2.

Ventileta aliyotoka nayo isipelekwe kitanda kingine mara moja. Iache imewashwa pembeni. Mwenye zaidi ya miaka 65, mwenye moyo dhaifu, mwenye mapafu yaliyokwisha kwa moshi au aliyekuwa anabaki na kabonidayoksaidi, mwekee barakoa ya presha tangu dakika ya kwanza, kabla hajachoka: presha sapoti 8, PEEP 5, kwa vipindi katika saa 24 hadi 48. Ventileta za ICU zenye mipira miwili zinataka barakoa isiyo na matundu ya kutolea hewa. Ukiweka yenye matundu inalia kengele usiku kucha. Na kabla ya kumtoa mrija, mgonjwa akishamaliza jaribio mrudishe kwenye mashine apumzike saa 1. Utafiti wa Hispania wa 2017 ulionyesha wanaopumzishwa hivyo hurudishiwa mrija mara chache zaidi. Ni jambo la bure kabisa, sijui kwa nini wengi hatulifanyi.

Mlio wa koo. Weka stethoskopu shingoni, juu ya zoloto. Mlio wa kuvuta hewa ndani, kama filimbi iliyopasuka, ni uvimbe au nyuzi za sauti zilizobana. Mlio wa kutoa hewa uliotapakaa kifuani ni pumu au maji, hiyo ni njia nyingine. Kukoroma kunakoisha ukiinua taya ni ulimi tu.

Kwa uvimbe: mkalishe wima, oksijeni ya kutosha, adrenalini ya 1:1000 ampuli moja ya miligramu 1 ijazwe chumvi maji hadi mililita 5, kwenye nebulaiza (kifaa cha kugeuza dawa kuwa mvuke wa kuvuta) inayosukumwa na oksijeni ya mtungi lita 6 hadi 8. Konsentreta ndogo haina msukumo wa kutosha kwa nebulaiza. Deksamethasoni miligramu 8 kwenye mshipa, ukijua kwamba hiyo ni ya baada ya saa kadhaa, haikuokoi sasa hivi. Adrenalini inafanya kazi ndani ya dakika 10 hadi 20 na inaisha ndani ya saa 1 au 2, uvimbe ukarudi ulivyokuwa. Kwa hiyo aliyetulia baada ya nebulaiza hajapona, amekopeshwa muda. Mrija 6 na laringoskopu vibaki mezani.

Nyuzi zikibana ghafla, hakuna sauti kabisa, tumbo linapanda kifua kinashuka: inua taya kwa vidole viwili nyuma kabisa ya ndewe za masikio, barakoa ibanwe usoni, oksijeni 100 kwa mia pamoja na valvu ya PEEP kwenye ambu. Ambu bila valvu hiyo haitoi presha ya kudumu, watu wengi hudhani inatoa. Propofoli kidogo, nusu miligramu kwa kilo, mara nyingi huzilegeza.

Muda sasa. Pumzi zaidi ya 35, SpO2 chini ya 90 na oksijeni iko juu, mapigo zaidi ya 140, jasho, misuli ya shingo inavuta, au fahamu inapungua: mrija urudi. Usimwekee barakoa ya presha wakati huo ukitumaini itamvusha. Barakoa inayowekwa mapema kwa mwenye hatari inasaidia. Ile inayowekwa baada ya kushindwa kupumua inachelewesha mrija tu, na utafiti mkubwa wa kimataifa wa 2004 ulikuta vifo viliongezeka. Kati ya mia wanaotolewa mrija kwa utaratibu mzuri, kumi hadi kumi na watano hurudishiwa. Kurudisha si aibu, aibu ni kurudisha akiwa ameshageuka bluu. Na kama amepangiwa rufaa kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, kesho, mwache asafiri na mrija. Barabarani usiku hakuna meza.

Sista_Bangwe (Kigoma)

Vipimo baada ya kutoa: kila dakika 5 kwa dakika 15 za kwanza, kila dakika 15 hadi saa 2, kisha kila saa. Muuguzi akae upande wa kichwa, siyo mezani anaandika. SpO2 ya kulenga 94 hadi 98, kwa mwenye mapafu ya moshi 88 hadi 92. Saa 48 hadi 72 bado ni za hatari, asihamishiwe wodi ya kawaida jioni hiyo hiyo kwa sababu kitanda kinatakiwa.

Na mdomo. Aliyekaa na mrija zaidi ya saa 48 koo lake limesahau kumeza, na anaweza kupaliwa bila hata kukohoa. Ndugu wanakuja na supu ya migebuka, na wenzetu wa Tabora watakuja na asali ya kulainisha koo. Wote wamekuja kwa upendo, na vyote viwili vinaenda mapafuni. Kabandike karatasi juu ya kitanda: HAKUNA KITU MDOMONI. Chakula kiendelee kwa mpira wa puani.

Kesho yake asubuhi, akiwa macho na amekaa wima, mpe kijiko kimoja cha maji cha mililita 5. Weka vidole kwenye zoloto uone linapanda. Subiri dakika moja, mwambie aseme "aaa". Kijiko cha pili, cha tatu. Akiwa salama, mililita 90 kwenye kikombe anywe mfululizo bila kukatisha. Akikohoa, sauti ikilowa, au SpO2 ikishuka kwa 3, acha, rudia baada ya saa 24. Akifaulu, anza na uji mzito kabla ya supu, kwa sababu kioevu chepesi kinafika zoloto kabla halijafunga. Mpira wa puani uondoe baada ya milo miwili au mitatu, siyo baada ya kijiko cha kwanza.